Historia fupi ya marehemu bibi yangu: yale ambayo hayakusomwa msibani

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Bibi yangu mzaa mama tumempumzisha kwake Usangi, juu milimani wilaya ya Mwanga, pembeni ya babu, kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Pole zenu nilizipokea na ninawashukuru sana. Leo nimekuja na jambo jingine.

Mliowahi kuzika huku kwetu mnakijua kipengele cha "historia fupi ya marehemu". Mjukuu anasimama na karatasi: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto kadhaa, ameacha wajukuu na vitukuu, alianza kuugua lini, akapelekwa wapi, mauti yakamfika saa ngapi. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Amina. Anayefuata ni mwakilishi wa majirani, baadaye wa jumuiya, baadaye wa kikundi cha akina mama, na mchungaji anatazama saa kwa sababu mvua inakusanyika upande wa Kindoroko.

Karatasi ya bibi niliiandika mimi. Nilipewa ukurasa mmoja na nikautumia wote. Yote niliyosoma yalikuwa kweli, lakini hata mtu mmoja aliyekuwa pale hangeweza kumtofautisha bibi yangu na bibi mwingine yeyote wa Usangi kwa karatasi ile. Ukibadilisha jina, inamfaa yeyote. Kwangu hilo ni dogo mno kwa mwanamke yule. Kwa hiyo naandika hapa yaliyobaki, na ninawaomba nanyi mlete ya bibi zenu. Leteni kazi walizozifanya na namna walivyozifanya. Kwamba walikuwa wacheshi na wapenda watu tunajua, kila marehemu huwa hivyo.

Kuzaliwa. Kanisani imeandikwa 1936. Yeye mwenyewe hakuwa na habari na namba hiyo, alijipimia kwa Mbiru. Wasiojua: mwaka 1945 Wapare waliikataa kodi iliyokuwa ikipimwa kwa mali ya mtu, wanaume kwa maelfu wakashuka Same wakapiga kambi huko wiki nyingi wakitaka ifutwe. Baba yake bibi alikuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi nao wakainuka, wakawaendea wakubwa wa serikali wakidai waume zao warudi nyumbani. Bibi alikuwa mtoto wa kuweza kumbeba mdogo wake mgongoni, si zaidi ya hapo. Aliachiwa nyumba. Alichokuwa akikisimulia ni kwamba mama yake alirudi jioni ile sauti imemkauka kabisa, akaomba maji kwa ishara ya mkono, na mpaka siku ya pili alikuwa hajaweza kusema neno. "Nilidhani amepigwa," bibi alikuwa akituambia. "Kumbe ni kupiga kelele."

Shule. Kwenye karatasi niliandika "hakubahatika kupata elimu ya darasani". Ndivyo familia ilivyotaka, nami niliheshimu. Lakini bibi alisoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, halafu zikachaguliwa wilaya 6 za kufuta ujinga kufikia mwisho wa 1971. Upare ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi na nyinginezo. Bibi alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika kanga. Alikwenda kwenye kisomo alasiri akitoka shamba, matope bado miguuni. Mwalimu wao alikuwa kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba, na akina mama wale waliomlea wakamwita Mwalimu bila kusita.

Kabla ya hapo, akipeleka kahawa chama cha msingi alikuwa anaweka dole gumba. Msimu uliofuata kisomo karani alimsogezea kidau cha wino kama kawaida, bibi akakisukuma kando, akachukua kalamu. Mama yangu alikuwepo. Anasema bibi aliandika taratibu sana, foleni nzima nyuma yake ikangoja, na hakuna aliyeguna.

Tangu hapo hakuacha kuandika mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Ameacha kaunta buku, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zimefungwa kwa gome la mgomba. Hayo madaftari ndiyo yaliyonifanya nilete uzi huu. Naendelea kwenye post inayofuata, simu inaishiwa chaji.

#2 Mama Wawili, Moshi

Pole sana kaka. Umenigusa hapo kwenye dole gumba. Endelea tafadhali, tunangoja madaftari.

#3 Mjukuu wa Wete

Pole mkuu, Mungu amlaze pema.

Kwetu Pemba hiyo karatasi haipo. Maiti husaliwa, huzikwa, husomewa hitma, watu wakaondoka. Bibi hasomwi kwa historia. Ila yako yanayobaki. Bibi yangu tulikaa naye msimu wa karafuu. Mchana zinachumwa, usiku tunakaa ukumbini juu ya jamvi sisi wajukuu wote kuchambua, karafuu huku makonyo huku, taa ya chemni katikati, na yeye anahadithia. Hadithi ilikuwa haiishi mpaka pakacha liishe. Ukisinzia anakuuliza, "Sungura keshafika wapi?" Ukishindwa kujibu anairudia kutoka mwanzo, na wenzio wote wanakukasirikia. Vidole vikiuma tulikuwa hatusemi, tunataka kujua mwisho wake.

Mpaka leo nikipita pahala panaanikwa karafuu barabarani nasimama. Kanga zake alizigawa mwenyewe akiwa hai, kila mjukuu wa kike yake, kwa hivyo alipofariki sanduku lilikuwa tupu. Alitaka asiwape watu kazi ya kugombania.

#4 Mleta mada

Mjukuu wa Wete, ahsante sana. Hiyo ya kuulizwa sungura kafika wapi ndiyo aina ya jambo ninalolitafuta hapa.

Sasa madaftari. Wengi mtadhani ni shajara ya moyo wake. Hapana. Bibi aliandika mambo ya kazi. Nawanukulia machache kama alivyoandika:

"Vuli imeanza tarehe 19 mwezi wa 10. Mbegu nimeweka juu, chini bado."

"Mbuzi mwekundu kazaa wawili. Mmoja hanyonyi. Nampa maziwa kwa kijiko."

"Zamu ya ndiva Jumanne. Jirani kafungua usiku. Nimemwambia mbele ya mkewe."

"Mama wa fundi cherehani kachukua debe 1 la mahindi. Asidaiwe, ana msiba."

Huo mstari wa mwisho nimeusoma mara nyingi. Hakuandika "nimemsamehe". Ameandika amri, kwa yeyote atakayelishika daftari baada yake.

Kwa wasiojua ndiva: ni bwawa dogo la kienyeji, lililochimbwa na watu, la kukusanyia maji ya kijito huko Upareni. Linazibwa jioni, maji yanajaa usiku kucha, alfajiri linafunguliwa na maji yanashuka kwenye mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Ukiwa na zamu na hujaamka, maji yako yamepita. Bibi alikuwa anaamka giza, anachukua jembe na mzigo wa magome ya migomba. Nilikuwa naenda naye wakati wa likizo. Anafika penye mchepuko wa shamba lake, anachota udongo wenye majani na mizizi kwa jembe, analaza gome la mgomba kukingama mfereji mkubwa, anakandamiza kwa kisigino, maji yanapanda kidogo, yanasita, yanageuka kuingia kwetu. Halafu anatembea mbele ya maji. Huwa nalikumbuka hilo: alitembea mbele, si nyuma, akifungua tuta moja baada ya jingine kabla maji hayajafika, na akifika mwisho wa shamba anarudi haraka kufunga tuta la kwanza lisije likabomoka. Hakuwahi kukimbia na hakuwahi kuchelewa. Muda wake ukiisha anaitoa ile kinga mwenyewe, hata kama kuna tuta moja halijanywa. Niliwahi kumwambia tuongeze dakika chache, mwenye zamu inayofuata bado hajaonekana. Alinijibu, "Maji yake yameshaonekana."

Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope kwenye ndiva alikuwa anatangulia, hata alipokuwa mzee wa kusamehewa. Alikaa ukingoni akiandika nani amekuja.

#5 Mzee wa Busara

Pole sana kijana. Nimesoma yote na nimefurahi, lakini niseme neno kwa heshima. Historia ya marehemu ni fupi kwa sababu inapaswa kuwa fupi. Watu wamesimama juani, kuna wazee, kuna wenye njaa waliotoka mbali, kaburi liko wazi. Nimehudhuria msiba ambapo mjukuu alisoma kurasa sita, mpaka wafiwa wenyewe wakaanza kuzimia kwa uchovu. Pili, si kila jambo la marehemu ni la hadharani. Hiyo ya jirani kufungua ndiva usiku ingesomwa pale kaburini ingeleta nini? Tusiulaumu utaratibu.

#6 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli na sina ubishi kwenye muda. Utaratibu wa kaburini siulaumu. Ninachokipinga ni kwamba baada ya ile karatasi hakuna mahali pengine. Tunaanua matanga, wajukuu tunapanda basi kurudi Dar na Arusha, na yale ya ndani yanabaki kwa mama zetu wawili watatu ambao nao wanazeeka. Zamani watu walilala msibani siku nyingi, usiku ukawa mrefu, mazungumzo yakawepo. Sasa tunakaa siku tatu na nusu ya muda huo tunahangaika na turubai, jenereta na hesabu za wapishi. Mimi ningependa usiku mmoja tu kabla ya kuanua tanga uwe wa kumsimulia aliyekwenda, ndani ya nyumba, bila kipaza sauti. Na huo usiku ndio mahali pa mambo ya ndiva.

#7 Mzee wa Busara

Marahaba. Hapo sasa tumeelewana. Kwa mama yangu tulifanya hivyo bila kupanga, umeme ulikatika. Watu wakakaa gizani wakaanza kusema. Nilijua usiku ule kwamba mama aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Gonja mpaka Same kumfuatilia baba barua ya kazi. Nilikuwa na miaka hamsini na sijawahi kusikia.

#8 Msoma Historia

Mleta mada, pole. Nimevutiwa na habari za Mbiru. Vitabuni zinatajwa sana safari za wanaume kwenda Same na mashauri na serikali, na ile kodi ilikuja kuondolewa. Wanawake wanatajwa kwa aya chache. Je, bibi aliwahi kusema chakula cha wale waliokuwa kambini kilitoka wapi?

#9 Mleta mada

Alisema. Kilitoka nyumbani. Wanawake walikuwa wanapika usiku na kubeba, wengine wakipeleka mahindi makavu na maharage ya kupikia hukohuko. Kwa miguu, kushuka mlima na kukatiza nyika. Yeye kazi yake ilikuwa kukoboa. Nadhani ndiyo maana makande kwake hayakuwa chakula cha mchezo.

Kwa kuwa kuna aliyeniuliza inbox, nayaeleza. Mahindi alikuwa anayanyunyizia maji kidogo, anayaacha yatulie, anatwanga kwenye kinu kwa mchi mwepesi ili ngozi itoke na punje isivunjike. Anapepeta kwa ungo, anarudisha kinuni, anapepeta tena. Maharage anatenga yale yaliyokaa muda mrefu, hayo yanatangulia jikoni. Chungu kwenye mafiga, si sufuria. Magadi hakutaka hata kuyaona, alisema yanaharakisha jungu na kuharibu tumbo. Chumvi mwishoni kabisa, maana aliamini ikitangulia maharage yanakataa kuiva. Usiku anasukuma kisiki kimoja kikubwa, anafunika moto kwa majivu, anakwenda kulala. Asubuhi unakuta yameiva na mchuzi wake umekuwa mzito wenyewe. Kitunguu na maziwa ndiyo viungo. Hakuna kingine.

#10 Binti wa Pangani

Pole kaka yangu. Maziwa? Kwetu makande bila tui la nazi tunasema bado hayajapikwa. Lakini hiyo ya chumvi mwishoni bibi yangu naye alikuwa nayo, Mungu amrehemu. Na hiyo ya magadi pia.

Yeye alikuwa msusi wa mikeka. Ukindu anauchana kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha huo alikuwa haukati. Anasuka ukili akiwa anazungumza na wewe, macho yako usoni kwako, na vidole vinahesabu vyenyewe. Kuna mkeka mmoja aliusuka bila rangi, akaukunja akauweka juu ya kabati, na sote nyumbani tulijua ni wa nini. Tulikuwa tukifagia chumba hatuugusi. Siku yake ilipofika mama aliushusha bila kuuliza mtu.

#11 Mkaaji wa Voi

Poleni sana ndugu zetu wa ng'ambo ya Jipe. Mimi ni Mtaita. Nyanya yangu wa Wundanyi alikuwa na dadake aliyeolewa Upareni, kwa hivyo haya ya mifereji na zamu nayajua. Yeye hakujua kuandika. Madeni aliyaweka kwa mafundo kwenye kamba ya katani iliyoning'inia juu ya mlango wa jikoni. Kila fundo alijua ni la nani, na fundo likilipwa alilifungua mbele ya mwenye deni ili aone. Alipokufa kamba ilikuwa na mafundo mawili. Hatujui ni ya nani, na wenyewe hawajajitokeza. Kamba ninayo.

#12 Yuko Maskati

Poleni nyote. Bibi yangu alifariki mimi niko huku Oman kazini, na mkataba ulikuwa haujaruhusu. Nilichobaki nacho ni sauti zake za WhatsApp. Hakujua kuandika ujumbe, alikuwa anabonyeza kile kipaza sauti anaanza na salamu ndefu, anawataja watoto wangu mmoja mmoja, halafu ananituma: niletee dawa ya macho, mwambie baba yako paa linavuja. Mwishoni unamsikia anamuuliza mtu wa pembeni, "Imekwenda?" Hiyo "imekwenda" nikiisikia ninalia. Naogopa simu ikiharibika nitazikosa zote. Kuna mwenye ujuzi anisaidie?

#13 Mama Wawili, Moshi

@Yuko Maskati fungua mazungumzo yenu, nenda kwenye menyu ya juu, chagua kuhamisha gumzo pamoja na faili zake, ujitumie kwa barua pepe. Kama ni kubwa sana, zichague sauti moja moja uzitume kwenye kompyuta, uzipe majina kwa tarehe. Weka nakala kwenye flashi na nyingine mpe ndugu yako wa nyumbani. Fanya leo, usingoje wikendi.

#14 Yuko Maskati

Nimefanya dada. Zote zimekubali. Mungu akubariki.

#15 Mleta mada

Nimewasoma wote, na mama nimemsomea kwa simu. Ile kamba ya Voi ameniambia niirudie mara mbili. Nayo imenikumbusha jambo ambalo sijawaambia.

Mnajua msibani kwetu kuna meza, vijana wawili na daftari: fulani katoa kiasi gani cha rambirambi, fulani kaleta sukari, fulani mzigo wa kuni. Babu alipofariki 1994 bibi alilichukua daftari lile likawa lake. Majina yote, na mbele ya kila jina alichotoa. Sh. 200. Sh. 500. Sukari kilo 1. Ndizi mkungu 1. "Kuchota maji siku zote." "Kulala na mimi." Halafu pembeni, kwa kalamu za rangi tofauti na miaka tofauti, neno moja: nimerudisha. Kila nyumba ilipofiwa alikwenda na kile kilichokuja kwake, na cha juu kidogo. Yule aliyelala naye alikwenda kulala naye. Miaka karibu 30 alikuwa akilimaliza daftari lile jina kwa jina.

Siku ya pili baada ya maziko tulilikagua, mama, mama mdogo na mimi. Majina mawili hayakuwa na neno hilo. Nyumba moja haijapata msiba tangu wakati ule, Mungu azidi kuwalinda. Ya pili ilifiwa wakati bibi yuko kitandani hajitambui. Mama alivaa kanga yake, akatia kilo mbili za sukari kwenye kikapu, akapanda kilima kwenda huko jioni ileile, kabla hatujaanua tanga. Walimkataza, walimwambia wewe ndiye mfiwa. Akawaambia, "Hii si yangu, ni ya mama." Aliporudi alichukua kalamu akaandika.

Kama ningepewa ukurasa wa pili pale kaburini, ningeusoma ukurasa huo wa majina.

#16 Mzee wa Busara

Huo hata mimi ningesimama juani kuusikiliza.

#17 Jirani wa Kikweni

Mleta mada, mimi ni wa hukohuko, ulivyoeleza nimekutambua na bibi tulimzika wote. Pole tena. Nina shida moja. Kamati yetu ya maji ina mgogoro wa zamu kwenye mfereji wa chini. Kila upande unadai Jumanne ni yake tangu enzi za wazee, na wazee wenyewe wamekwisha. Je, kwenye madaftari ya bibi kuna mahali ameorodhesha zamu za watu wote, au ni zake peke yake?

#18 Mleta mada

Jirani, zipo. Nimeona ukurasa wenye siku zote za juma, mashamba ya juu na ya chini, majina ya wenye zamu na saa ya kufungua na kufunga, ameuandika 1988. Kuna mwingine wa baadaye wenye marekebisho, yule aliyehamia Kahe ametolewa na zamu yake imegawanywa kwa wawili, ameeleza na nani walikuwepo walipokubaliana. Jumanne ina majina mawili, mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Nadhani ugomvi wenu uko hapo.

Madaftari yako kwa mama, kwenye sanduku la bati. Nimeshampigia, anasema mwenyekiti wa kamati aje na mtu mmoja wa kila upande wasome pamoja, asije mmoja peke yake. Picha za kurasa zote mbili nitakutumia kesho mchana. Na mwandiko wake wa miaka ile ukiwashinda, mama atawasomea.